Muzna na shahada iliyobaki Khartoum

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani. Muzna Taimur anafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa ncha ya mtandio wake, anavuta kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa mpira, anakaa. Kushoto kwake kuna mashine ya fotokopi. Kulia kuna kabati la madaftari, gundi na kadi za harusi. Katikati, kwenye meza isiyofika hata mita moja, ndipo zinapozaliwa nyumba za watu wa Tanga.

Mteja wa kwanza amemtangulia dukani. Anaitwa Bryson, ana gari la kubeba machungwa kutoka Maramba, na tangu alfajiri ameshika simu yenye picha moja.

"Dada, nataka kama hii. Hii hii, usibadilishe."

Ni nyumba aliyoiona Dar es Salaam: kuta nyeupe, vioo vikubwa, paa la kujificha nyuma ya ukuta.

"Maramba mvua mnapata?" Muzna anauliza.

"Mvua? Dada, kule ndiko kwao."

"Basi paa hilo litakuvujia. Maji yatakaa juu ya sebule yako kama yamealikwa."

"Mke wangu ndilo analolitaka."

"Tutampa lingine zuri, atanyamaza. Kiwanja kina ukubwa gani?"

"Hatua thelathini kwa ishirini na mbili."

"Hatua za nani?"

Bryson anafikiri. "Za shemeji yangu."

"Mrefu?"

"Aa, huyo ni mrefu haswa."

Muzna hacheki. Anamwandikia kwenye kipande cha karatasi akapime upya kwa tepu, kona zote nne, na aangalie jua linachomoza upande gani. Bryson anasema linachomoza upande wa shule. Muzna anaandika: shule. Kisha anauliza shule iko wapi, anauliza barabara iko wapi, anauliza upepo wa jioni unaingia kwa dirisha lipi katika nyumba anayokaa sasa. Mwenye gari la machungwa anaanza kujibu kwa heshima, maana ameshahisi kwamba huyu si mpiga chapa wa dukani.

Hajakosea. Muzna, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ni msanifu majengo. Alisoma miaka mitano chuo kikuu mjini Khartoum, Sudan, akafaulu, akapewa shahada. Ramani atakayomchorea Bryson itakuwa yake kuanzia msingi hadi kenchi ya mwisho. Jina lake halitakuwemo.

Kibali cha ujenzi kinataka muhuri wa msanifu aliyesajiliwa, na Muzna hajasajiliwa. Kwa hiyo michoro inatumwa Arusha kwa barua pepe, kwa msanifu ambaye hajawahi kumwona, inarudi na muhuri. Kwa kila ramani Muzna anapata shilingi elfu sitini. Mwenye muhuri anapata laki mbili na nusu. Kwa makadirio yake ameshachora zaidi ya nyumba mia moja, kutoka Pongwe mpaka Mkinga.

"Siku nyingine napita, naona nyumba yangu imesimama, watoto wanacheza kibarazani," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Nafurahi. Halafu nakasirika. Halafu naona aibu kwa kukasirika. Yote hayo kabla sijavuka barabara."

Hajasajiliwa kwa sababu moja tu. Ofisi inayosajili inataka kuiona shahada yake, ile yenyewe, si picha. Na shahada yenyewe Muzna hanayo.

Habari ya namna alivyoipoteza ni fupi, na ndiyo inayomuuma kuliko zote, kwa sababu hakuibiwa wala haikuungua mikononi mwake. Aliipoteza kwa adabu.

Marehemu baba yake, mzee Taimur, alikuwa na duka la vitambaa mjini Tanga na shamba la minazi Mkwaja. Ukoo wao ulitoka Oman, vizazi vinne nyuma, na mtaani mpaka leo wanaitwa Wamanga. Binti alipopata nafasi ya kusoma Khartoum, mzee aliliuza shamba. Hakumwambia mtu mpaka lilipokwisha kuuzwa.

"Alisema minazi inazaa mara nne kwa mwaka, mtoto aliyesoma anazaa kila siku," anakumbuka mama yake Muzna, Bi Mwanakhamis, mwenyeji wa Pemba aliyeolewa Tanga akiwa na miaka kumi na tisa. "Alikuwa na maneno yule bwana. Lakini minazi sasa ni ya mtu mwingine, na hapa tunanunua nazi sokoni."

Mwishoni mwa mwaka 2021 Muzna alimaliza. Alikabidhiwa shahada siku ya Jumapili. Siku ya Jumanne alipigiwa simu kwamba baba amezidiwa, na Alhamisi alikuwa ndani ya ndege. Mihuri inayotakiwa mtu akienda kufanya kazi nchi nyingine, wa chuo kwanza, kisha wa wizara, hakuipata. Alijiambia ataishughulikia baadaye. Mzee Taimur aliishi siku kumi na moja baada ya binti yake kufika.

Bila mihuri hiyo hata nyumbani hawamsajili, na mwaka mzima Muzna alihangaika Tanga na Dar es Salaam, akifanya kazi za kujitolea, kubeba tepu za wenzake na kuchora vyoo vya shule. Mapema mwaka 2023 aliamua kutafuta kazi nje. Alituma maombi ofisi nyingi. Moja ya Muscat ilimjibu: tutakupa mtihani, tusanifie nyumba ya familia ya watu saba.

Hapo Muzna akaona mlango wa peponi umefunguliwa. Nani angeijua nyumba ya Oman kuliko yeye? Bibi yake mzaa baba alimlea ndani ya nyumba kongwe ya Pangani, akimwambia kila siku, "Hii ndiyo nyumba ya Kimanga, shika hivyo." Alichora nyumba ya bibi: mlango mkubwa unaotazama njia, daka la mbele ya mlango lenye kivuli, na baraza mbili za mawe huku na huku kwa ajili ya wakaaji.

Walimpigia simu ya video. Wazee wawili na kijana mmoja, wote na kanzu zao nyeupe.

"Viti hivi vya mawe nje, ni vya nani?" aliulizwa kwa Kiarabu.

"Vya yeyote anayepita," alijibu.

"Nani anapita?"

Kwao Muscat, walimweleza, mtaa mpya hauna mpita njia. Watu wana magari, joto ni la kuokea mkate, na mgeni wa kiume ana mlango wake na ukumbi wake, asikutane na wanawake wa nyumba. Mzee mmoja aliigeuza ile ramani huku na huku, akatabasamu, akasema, "Binti yangu, hii ni nyumba ya Zanzibar."

"Tanga naitwa Mmanga," anasema Muzna. "Siku ile nikaambiwa mimi ni Mzanzibari. Unguja nimefika mara mbili, tena moja ilikuwa harusi."

Hata hivyo mzee yule alikuwa mtu wa haki. Alimpa siku tatu arudie. Muzna alirudia, akaweka milango miwili, akafuta baraza za bibi yake kwa kidole kimoja kwenye kompyuta. Anakiri kwamba alilia kidogo. Wiki ya pili ya mwezi wa tatu alipata barua: kazi ya msanifu msaidizi, riyali mia nne na hamsini kwa mwezi, ambazo kwa wakati ule zilikaribia shilingi milioni tatu. Sharti lilikuwa moja. Alete shahada yenye mihuri yote ndani ya siku tisini.

Mihuri hugongwa nyuma ya shahada halisi. Kijana wa Pongwe aliyekuwa anasoma udaktari Khartoum alikuwa anarudi chuoni, akapewa bahasha. Akaifikisha salama kwa Samiha, msichana wa Kisudani aliyesoma darasa moja na Muzna. Samiha akaipeleka kwa karani wa usajili wa chuo. Ilikuwa Ramadhani.

Ofisi zilikuwa zinafunguliwa kwa muda wa saa tatu tu kwa siku, umeme unakatika, joto limepita nyuzi arobaini. Karani aliipokea bahasha, akaitia kwenye droo, akasema ataigonga. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Siku ya sita Samiha alimwandikia Muzna ujumbe ambao Muzna bado anao kwenye simu. Aliuliza: nikae mlangoni kwake mpaka aigonge? Nikimbana, leo leo ataifanya.

Muzna aliusoma ujumbe huo nyumbani kwao Makorora, mama yake akiwa pembeni anakanda maandazi ya futari. Akamtafsiria. Bi Mwanakhamis akasema lile ambalo mwanamke yeyote wa pwani hii mwenye malezi angelisema: mtu aliyefunga hasukumwi.

Muzna akamjibu Samiha: muache, kafunga. Baada ya Idi.

Kulikuwa na muda. Siku sabini na ushei zilikuwa zimebaki. Hakuna aliyekosea hesabu.

Siku sita kabla ya Idi, Jumamosi, vita vilianza Khartoum.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini wahenga hawakusema lolote kuhusu mtu anayengoja kwa kumwonea karani huruma. Samiha na wazazi wake walikimbia kwa mguu, kisha kwa lori, kisha kwa basi mpaka Misri. Yule kijana wa Pongwe alirudishwa nyumbani na wenzake kupitia Ethiopia, na mguuni ana ndala tu. Jengo la usajili lilivunjwa, likaporwa, na kilichobaki kikaungua. Karani hajulikani alipo. Muzna humwombea dua, na husema wazi kwamba siku nyingine dua hiyo haitoki.

Muscat walingoja siku zao tisini. Walingoja na thelathini nyingine za hisani. Kisha wakaandika, kwa maneno mazuri sana, kwamba nafasi imepata mtu.

Alihangaika pengine. Ofisi ya Doha ilizipenda kazi zake, ikauliza shahada. Ofisi ya Kigali ikauliza shahada. Nyumbani nako wakauliza shahada. Picha ya simu anayo, imetoka vizuri, mpaka saini ya mkuu wa kitivo inasomeka. Kila anayeoneshwa anasema hongera, halafu anauliza iko wapi yenyewe.

"Nilianza kujitilia shaka," anasema. "Kweli. Kuna usiku nilikaa nikajiuliza, hivi nilisoma? Au niliota miaka mitano?"

Massoud, mwenye duka la steshenari, ndiye aliyempa meza mwaka 2024. Ni mtu mwema na hajui kuficha. "Mimi huyu dada namlipa kidogo, najua," anasema akiwa anafunga kitabu cha mtu kwa gundi. "Lakini akipata karatasi yake ataondoka, na duka hili litarudi kuwa la kadi za harusi. Kwa hiyo namwombea apate, na namwombea asipate haraka."

Mwaka huu binamu yake Muzna, Azza, anayeishi Muscat na mumewe, alipata njia. Kuna familia ya mkandarasi inatafuta msaidizi wa nyumbani. Bwana mwenye nyumba ana ofisi ya michoro ghorofa ya chini. Muzna angeingia kwa kibali cha kazi za ndani, riyali tisini, na huko ndani akionesha mkono wake, nani ajuaye. Wakala wa Dar es Salaam alituma fomu.

Bi Mwanakhamis aliipokea habari hiyo kama mvua. Alitoa vitambaa viwili vilivyobaki kutoka duka la marehemu, akampelekea fundi. Jirani wa kulia alijua, jirani wa kushoto alijua, Makorora ikajua.

"Nilimwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame," anasema mama huyo.

"Na mimi nikamjibu nimeinama miaka mitatu, mama, mvunguni hamna kitu," anadakia binti yake. Wanatazamana, kisha wote wanatazama pengine.

Fomu ilijazwa jioni ya Jumatano iliyopita, mezani, mama yupo, Azza yuko kwenye simu iliyotiwa sauti. Jina, likaandikwa. Umri. Dini. Je, unajua kupika? Ndiyo. Je, umewahi kulea watoto? Kiasi. Wakafika kwenye elimu.

"Hapo andika darasa la saba," Azza akasema.

Muzna akauliza kwa nini.

"Nisikilize, mdogo wangu. Wenye nyumba hawataki msomi. Msomi atajua haki zake. Ukiandika chuo kikuu fomu haifiki hata mezani."

"Na nikishafika nitamwambiaje huyo bwana kwamba najua kuchora?"

Azza akakohoa. "Utaona hukohuko."

Bi Mwanakhamis akamshika mwanawe bega. "Andika, mwanangu. Karatasi tu hiyo."

"Mama," Muzna akasema, "mimi niko hapa kwa sababu ya karatasi tu."

Akaandika kwa herufi kubwa, kalamu ikapenya mpaka karatasi ya chini: SHAHADA YA USANIFU MAJENGO, KHARTOUM. Akaipiga picha, akaituma palepale, kabla hajapata muda wa kuwa na busara. Wakala alijibu baada ya dakika nne kwamba ameharibu fomu na nafasi anapewa mwingine. Azza alikata simu bila kuaga. Bi Mwanakhamis alinyanyuka, akaenda uani kuchambua mchele ambao alikuwa ameshauchambua mchana.

Kwa siku mbili mama na mwana hawakusemezana ila salamu. Binti alisema shikamoo, mama akasema marahaba, basi.

Mwandishi alipomfuata uani, Bi Mwanakhamis hakuinua uso kwenye ungo. "Weye utaandika kwamba miye nataka mwanangu akapige deki kwa watu," alisema. "Andika. Lakini andika na hili. Lile neno la mtu aliyefunga hasukumwi, nilisema miye. Si yeye. Yeye alitaka kumwambia mwenziwe akae pale mlangoni, nilimwona usoni. Miye ndiye niliyemzuia. Miaka mitatu natafuta pa kumlipa, na kila nikimletea kitu ni kibovu."

Alipuliza pumba. "Na usimwambie kwamba nimekwambia."

Aliombwa ruhusa ya kuliandika. Alipepeta mara mbili, akasema, "Haya. Asome gazetini. Usoni siwezi."

Kuna njia moja iliyobaki. Chuo chake sasa kinafanya kazi kwa shida katika mji mwingine wa Sudan, na mwezi wa pili kilitoa tangazo: mhitimu ambaye kumbukumbu zake zimepotea alete ushahidi wa maandishi wa walimu wawili waliomfundisha mwaka wa mwisho, naye ataandikiwa shahada mpya. Muzna alifundishwa na wanne. Mmoja aliuawa katika wiki ya kwanza ya vita. Wawili hakuna anayejua waliko. Wa nne, Profesa Muhanad, yuko Kampala, anafundisha hesabu shule ya sekondari.

Samiha ndiye aliyeipata namba yake. Muzna alimpigia, akajitambulisha, akataja mwaka, darasa, hata dirisha alilokuwa anakaa karibu nalo. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, akamwomba radhi. Hamkumbuki. Wanafunzi mia sita wamepita mikononi mwake, na mwaka ule wa mwisho walikuwa wamevaa barakoa kwa ajili ya korona.

"Nilitaka kukata simu," anasema Muzna. "Akaniambia ngoja. Akasema, siwezi kusaini uongo kwa sababu ya huruma, lakini sura naweza kuisahau, mkono wa mtu niliyemfundisha siusahau. Njoo uchore mbele yangu."

Jumatatu atapanda basi la Mombasa, kisha la Nairobi, kisha la Kampala. Massoud amempa ruhusa ya wiki moja. Bryson amekubali kungoja ramani yake, kwa sharti kwamba Muzna mwenyewe ndiye atakayemweleza mkewe habari ya paa. Muzna hatabeba michoro ya zamani. Profesa amesema asije na kitu chochote ila penseli.

Akiulizwa atafanya nini mwalimu akisema hapana, anafunga kompyuta kwanza, kisha anajibu.

"Sijui. Na hata akisema ndiyo, saini moja haitoshi, wa pili sijui nitamtoa wapi. Muscat hawaningoji tena, hakuna anayeningoja." Anachukua mkoba wake, anasimama. "Lakini leo hii hapa duniani hakuna mtu hata mmoja anayeweza kunyanyua mkono akasema huyu nilimfundisha mimi. Nataka awepo mmoja. Nikimpata huyo mmoja, kazi nitatafuta."